Re: Shepard kafa mwisho wa Mass Effect 2, naendeleaje?

Pole, mdogo wangu. Unasema umeicheza gemu hiyo kwenye kibanda cha gemu hapo Ngamiani, Shepard, shujaa unayemwongoza, akarukia Normandy, meli yake ya anga, akashindwa kupanda, akaporomoka. Hiyo siyo hitilafu. Wakibaki hai wenzake chini ya 2, naye anakufa, na sevu hiyo (mchezo wako uliohifadhiwa) Mass Effect 3 haiipokei kabisa.

Unaweza kuanza ya 3 bila sevu, ila gemu itakuamulia mambo yako ya nyuma, na Wrex, rafiki yako wa gemu ya kwanza, utamkuta ameshakufa. Mimi nisingekubali.

Muulize mwenye kibanda kama sevu ya kabla ya kuvuka Omega 4, lango la anga la kwenda kwa adui wa mwisho, bado ipo. Vibanda vyetu hivi, mwingine akikaa tu anafuta. Ikiwepo, imarisha kwanza meli: bamba, ngao na mzinga. Maliza kazi binafsi za wenzako, maana asiyekuamini hufa kirahisi. Kule ndani ya ngome ya adui, mwenzako mmoja atapita kwenye bomba: mwingize Tali au Legion. Mwenzako mwingine, Jacob, atajitolea kwa mbwembwe, usimsikilize! Wababe kama Grunt na Zaeed waache nyuma walinde mlango.