Mbona miwa ya Mauritius inapungua?

SWALI: Ndugu mhariri, mwanangu anafanya kazi hotelini Mauritius. Nilipokwenda kumtembelea niliona shamba la miwa, mbele yake majumba mapya, kisha kichaka ambacho zamani kilikuwa shamba. Wameacha kulima? (Mama Zuhura, Tanga)

JIBU: Shikamoo mama. Hawajaacha, ila wamepunguza sana. Miaka ya 1970 miwa ilifunika hekta 80,000 hivi. Leo imebaki kama nusu yake.

Kilichowaponza ni bei. Kwa Mkataba wa Sukari wa 1975, Ulaya ilinunua sukari yao kwa bei nono. Kati ya 2006 na 2009 ikaipunguza kwa asilimia 36. Viwanda vikafungwa, na makampuni yenye ardhi yakageukia hoteli na nyumba za kifahari. Hata Ebène, mji wa kompyuta, ulikuwa miwa mitupu.

Kile kichaka nabashiri ni cha mkulima mdogo. Ardhi ya kule ni ya volkano, imejaa mawe meusi. Wazee waliyaokota kwa mikono na kuyarundika katikati ya mashamba, marundo marefu kumpita mtu. Mashine ya kuvunia haipiti hapo, na vibarua wa kukata kwa panga ni ghali, hata hawaonekani. Baba kazeeka, mtoto yuko ofisini: nani akate? Mimi siwalaumu.

Wala usidhani wamepanda mpunga badala yake. Mchele wanaagiza nje. Miwa iliyobaki serikali inaing'ang'ania, maana makapi yake huchomwa kuzalisha umeme.