Video Zinagoma Kucheza Kila Umeme Unapokatika

SWALI: Kompyuta yangu ya mezani hapa Majengo, Moshi, hukataa kucheza video za intaneti kila umeme unapokatika usiku. Huandika kwamba muunganisho si salama, ilhali simu ya mwanangu, kwenye ruta hiyohiyo, huzicheza bila tatizo. Fundi mmoja amenishauri ninunue kifurushi kikubwa zaidi. Nifanyeje?

JIBU: Ndugu msomaji, tafadhali usinunue kifurushi, kwa kuwa simu hiyo imekwisha kukuonyesha kwamba intaneti ni nzima. Tazama saa iliyo pembeni mwa skrini. Naamini utakuta tarehe ya miaka mingi iliyopita. Kila tovuti ya video hujitambulisha kwa cheti cha usalama chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha, na kompyuta inayodhani kwamba bado ni mwaka 2009 huona cheti hicho hakijaanza kutumika, hivyo hukikataa. Rekebisha tarehe, chagua majira ya UTC+03:00, yaani saa za Afrika Mashariki, kisha ufungue upya kivinjari, ile programu unayofungulia tovuti.

Chanzo chenyewe ni betri ndogo, bapa kama sarafu, iliyo kwenye ubao mkuu wa saketi ndani ya kasha la kompyuta, ambayo hutunza saa umeme usipokuwepo. Nyingi ni za volti 3, zenye maandishi CR2032. Zima kompyuta, chomoa waya ukutani, fungua kasha, sukuma taratibu kishikizo cha pembeni hadi betri iinuke, kisha uweke mpya, alama ya kujumlisha ikiwa upande uleule ilikokuwa. Ikiwa saa ni sahihi na video bado zinagoma, sasisha kivinjari.