Kupungua huku unakula chipsi: inawezekana, ila pima

Dada, umeuliza kama unaweza kupungua wakati chipsi na soda hujaziacha. Unaweza. Mwaka 2010 Mark Haub, profesa wa lishe katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Kansas, Marekani, alijijaribu mwenyewe: wiki 10 akila zaidi vikeki vya Twinkie, biskuti na krispi, ila asivuke kalori kama 1,800 kwa siku, ilhali mwili wake ulihitaji kama 2,600. Akapungua kilo 12 hivi, na hata kolesteroli mbaya ikashuka. Wanaomsimulia huwa wanaruka sehemu moja: alikuwa pia anakula mboga kidogo, anakunywa kinywaji cha protini na kumeza kidonge cha vitamini kila siku.

Ugumu uko kwenye kupima. Gramu 1 ya mafuta ina kalori 9, ya wanga 4, kwa hiyo kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ni kama kalori 120. Sasa ile chipsi mayai ya kibandani imekunywa vijiko vingapi? Muuzaji mwenyewe hajui! Ndiyo maana utasikia mtu anasema "nahesabu lakini sipungui".

Mimi ningekata soda kwanza, maana sukari yote ile na bado haishibishi. Chipsi ningekula mara moja kwa wiki, nusu sahani, kachumbari tele pembeni. Kama una kisukari au unanyonyesha, muone daktari kabla hujaanza.