Usisaini karatasi ya dereva kabla matibabu hayajakwisha

Mama, nimeelewa kwamba mwanao aligongwa na teksibasi hapa Lubumbashi alipokuwa akivuka barabara ya Kasenga, na kwamba dereva, baada ya kulipa bili ya kwanza ya hospitali, anakuletea karatasi inayosema mambo yamekwisha. Usiisaini sasa. Mguu uliovunjika unaweza kudai matibabu mengine baada ya miezi, na karatasi hiyo ndiyo watakayokuonyesha siku hiyo.

Sheria ya kiraia ya Kongo, kifungu cha 258, inamlazimisha anayemdhuru mwenzake kwa kosa lake kumlipa fidia. Kifungu cha 260 kinamgusa pia tajiri aliyemwajiri dereva, jambo ambalo familia nyingi husahau, ingawa mara nyingi yeye ndiye mwenye uwezo. Bima ya gari nayo ni ya lazima tangu 1973, kwa hiyo piga picha ya karatasi ya bima na namba ya gari.

Hakikisha polisi wa barabarani wameandika PV, yaani taarifa rasmi ya ajali, kisha utunze cheti cha daktari na kila risiti. Kujeruhi bila kukusudia ni kosa la jinai, na unaweza kudai fidia katika kesi hiyo hiyo. Wakidai mtoto alivuka vibaya, usikate tamaa: korti inaweza kupunguza fidia bila kuifuta.

Ikiwa bima inakupa kiasi kidogo, au mtoto atabaki na kilema, muone wakili kabla ya kukubali chochote.