Shangazi, natulia ninapofua tu

"Shikamoo Shangazi. Nina miaka 22, niko mwaka wa pili chuoni. Kozi ninayosoma aliichagua baba. Sikubisha, maana sikuwa na jibu lingine. Nimelelewa kwenye nyumba ya ibada, lakini tangu muhula uliopita nikisali maneno yanatoka mdomoni kama ninamsomea mtu mwingine barua yake. Bwenini ninaishi na wenzangu wawili. Mmoja anasema imani ni mambo ya utotoni, mwingine anasema nimeingiliwa na shetani. Mama akipiga simu huniuliza kama nimesali, nami hujibu ndiyo. Usiku silali. Nimeandika barua ya kuacha chuo, iko kwenye simu, na kila usiku wa manane naifungua na kuisoma. Natulia ninapofua nguo tu. Je, niache masomo? Nimwambie mama ukweli? Na utulivu nitaupata wapi? Haya niliyaandika jana, nikalia, kisha nikalala usiku kucha kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi. Ni mimi, Mwenye Mafundo."

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote nimekwama kwenye hizo nguo. Nitazirudia, kwa sababu naona umeshajijibu nusu ya maswali yako bila kujua.

Kabla ya hapo, tuyafungue hayo mafundo. Umeyafunga mambo matatu kwa kamba moja: kozi, imani na mama. Ndiyo maana ukivuta moja, mengine mawili yanakaza. Usiku unaona kama ukiacha chuo utakuwa umemaliza na suala la Mungu, na ukimwambia mama kuhusu sala utakuwa umeshamwambia na habari ya kozi. Sivyo. Suala la kozi lina tarehe zake, zimo kwenye kalenda ya chuo. Suala la mama lina mtu ndani yake, na mtu huyo ana moyo. Suala la imani halina tarehe, wala hakuna anayekusubiri mlangoni ameshika saa. Wewe umeyapa yote matatu haraka ileile. Kwa maoni yangu, kinachokunyima usingizi ni haraka hiyo zaidi ya shaka yenyewe.

Hukunitajia dini yako, nami sikuulizi. Nitakusimulia habari ya mtu mmoja, uipokee vyovyote ulivyo. Mwaka 1095, Abu Hamid al-Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu, alikuwa mwalimu wa chuo cha Nidhamiya kule Baghdad, na hapakuwa na kiti cha ualimu kilichoheshimiwa kuliko chake. Watu walimwendea wakiwa na maswali ya dini, wakaondoka na majibu. Yeye mwenyewe ndani alikuwa hana raha. Alikuja kuandika kwamba kuna kipindi cha karibu miezi miwili alichokuwa haamini hata kile ambacho macho yake yalimwonyesha. Baadaye, kwa takriban miezi sita, alivutwa huku na huku: asubuhi anaazimia kuondoka, jioni azma imeyeyuka. Mwisho ulimi ukafunga. Alisimama mbele ya wanafunzi asiweze kutamka neno, na chakula kikawa hakipiti. Matabibu waliomwangalia walisema ugonjwa umeanzia moyoni. Akaiacha kazi, akasafiri hadi Dameski na Yerusalemu, na ilipita zaidi ya miaka 10 kabla hajarudi kufundisha, mwaka 1106.

Kuna mambo mawili katika habari hiyo ninayotaka uyashike. La kwanza, yule aliyeshikwa na shaka ndiye aliyekuwa akiwafundisha wengine. Maneno yakikukauka mdomoni haina maana kwamba umepotea, na haina maana kwamba umekua ukaiacha imani kama kiatu kilichobana. La pili, shaka ile ya miezi miwili anasema haikuondoka kwa hoja. Hakukaa akashindana na nafsi yake usiku kucha hadi akashinda. Alisema ni nuru aliyotiwa kifuani. Ukitaka kuielewa nuru hiyo kwa lugha ya imani au kwa lugha nyingine, hilo ni lako. Ninachokuomba ni usijipangie siku ya kumaliza.

Nimesikitika kwa namna unavyozungumziwa hapo bwenini. Wenzako hao wawili wanaonekana kupingana, lakini mimi nawaona wanafanana: kila mmoja anataka ulifunge swali leo, kwa sababu likiwa wazi linamsumbua yeye. Huna deni la jibu kwao. Waambie kwa upole, "Bado natafakari," kisha ubadilishe mazungumzo.

Sasa mama. Hapa nitakuwa mkali kidogo, nivumilie. Nadhani kinachokuuma baada ya ile simu si kwamba hukusali, ni kwamba umesema umesali. Siku moja si kitu, lakini wewe umefanya hivyo muhula mzima, na kila "ndiyo" imekuweka mbali zaidi na mtu ambaye ungeweza kumlilia. Nayajua haya kwa sababu nilipokuwa na umri wako nilimficha mama yangu jambo la namna hiyo kwa mwaka mzima. Nilikuwa nikiona jina lake kwenye simu tumbo linakaza. Siku niliyomwambia alinyamaza muda mrefu sana, mpaka nikadhani simu imekatika. Kisha akasema na yeye kuna miaka ilimpitia hivyo, akiwa tayari ana watoto, na hakuwahi kumwambia mtu.

Siwezi kukuahidi kwamba mama yako atajibu vile. Kuna nyumba ambazo neno kama hilo humfanya mtoto akatiwe ada, au afungiwe mlango. Unaifahamu nyumba yenu, mimi siifahamu. Kama unaona kweli kuna hatari hiyo, subiri mpaka uwe na pa kusimama, na usijione mnafiki kwa kusubiri. Kunyamaza si kusema uongo.

Lakini kama unachoogopa ni huzuni yake tu, basi mwambie lile unalolijua kwa hakika, usiongeze. Usimwambie "nimeacha dini," kwa sababu hujaiacha. Ungekuwa umeiacha usingekuwa unalia. Akikuuliza kama umesali, sema, "Mama, siku hizi kusali kunanipa shida. Nikianza, maneno yananikauka. Niombee." Huo ndio ukweli ulio nao leo. Ukweli wa mwaka kesho utausema mwaka kesho.

Kuhusu kozi sitakuambia uache wala uendelee, maana hukunieleza hata unasoma nini, na jambo hilo lenyewe limenifikirisha. Umeandika barua ndefu juu ya kozi usiyoipenda bila kuitaja jina. Kaa chini mchana, si usiku, ujiulize: kuna kipindi hata kimoja kwa wiki ambacho nikiwa darasani nasahau kutazama saa? Kama kipo, huenda shida si kozi, ni uchovu, na mtu asiyelala huchukia kila kitu alicho nacho. Kama hakipo hata kimoja tangu mwaka wa kwanza, hilo ni neno zito, na linastahili kupelekwa kwa watu wanaohusika: mhadhiri unayemwamini, ofisi ya mlezi wa wanafunzi, kisha baba. Kati ya kuacha na kuendelea kuna njia nyingine nyingi. Unaweza kuahirisha masomo kwa mwaka, unaweza kuhama kozi kama taratibu za chuo chenu zinaruhusu, unaweza pia kumaliza hii na kusomea jingine baadaye. Ulisema hukubisha kwa baba kwa sababu hukuwa na jibu lingine. Basi safari hii usiende kwake na "sitaki" mkononi. Nenda na "nataka hiki, nimeuliza, na hivi ndivyo kinavyowezekana."

Kuna mwingine ninayemkumbuka kila mwanafunzi anaponiandikia kwamba anataka kuondoka kesho asubuhi. Mwaka 386, Agostino, yule ambaye baadaye alikuja kuwa askofu na mtakatifu wa Kanisa, alikuwa mwalimu wa balagha, yaani ufasaha wa kuhutubia, mjini Milan, ana cheo na njia ya kupanda juu zaidi. Mwaka huo, akiwa bustanini, alifikia uamuzi wa kumfuata Kristo, uliogeuza maisha yake yote. Nao muhula ulikuwa umebakiza takriban siku 20 kufikia likizo ya mavuno ya zabibu. Akarudi darasani, akafundisha siku hizo zote, ingawa mwenyewe anakiri zilikuwa ndefu kwake. Alipomaliza ndipo alipotoa taarifa kwamba harudi tena. Hakutaka kuondoka kwa kishindo watu wakamtazama. Mimi napenda sana hizo siku 20. Mtu ameshaamua jambo kubwa kuliko yote, na bado anakwenda darasani kufundisha.

Turudi kwenye nguo.

Umeniuliza utulivu utaupata wapi, na wakati huohuo umenitajia mahali unapoupata. Nadhani umeona aibu kwamba ni karai na sabuni, ukatarajia nikupe kitu kikubwa zaidi. Hebu tazama kinachotokea pale. Mikono ina kazi. Maji yanasikika. Kazi ina mwanzo na ina mwisho unaoonekana kwa macho, nguo zimetundikwa. Hakuna anayekuuliza kama unaamini. Na zaidi ya yote, unapofua hujikatazi kuwaza. Mawazo yanakuja, unaendelea kusugua, yanapita.

Usiku unafanya kinyume chake, unayafukuza. Mwaka 1987 mwanasaikolojia wa Marekani, Daniel Wegner, na wenzake waliwaambia wanafunzi wa chuo wasimfikirie dubu mweupe kwa dakika tano, na kila akiwajia akilini wapige kengele. Kengele zililia. Na walipokuja kuruhusiwa kumfikiria, aliwajia mara nyingi kuliko wale walioruhusiwa tangu mwanzo. Wewe kila usiku unajiambia usiifikirie ile barua, halafu saa nane unaifungua. Usishindane nayo tena. Simu ilale mbali na kitanda, hata kama ni kwenye begi lililofungwa zipu. Wazo likija, lijibu kwa neno moja: "Mchana."

Ukiwa umelala macho, toa pumzi polepole kuliko ulivyoivuta. Vuta kwa hesabu ya nne, toa kwa hesabu ya sita au nane kama unaweza bila kujilazimisha, kwa dakika tano hivi. Hii si dini ya mtu wala uganga. Tunapotoa pumzi, mapigo ya moyo hupungua kasi, kazi inayopitia neva ya vagasi, ule mshipa wa fahamu unaoshuka kutoka kwenye ubongo hadi kifuani na tumboni. Mwili ukishapoa, maswali yanabaki yaleyale, ila hayapigi kelele.

Na andika, maana umeonja mwenyewe kinachotokea. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1986, watafiti wa saikolojia wa Marekani, James Pennebaker na Sandra Beall, waliwapa wanafunzi wa chuo dakika 15 kwa siku, siku nne mfululizo. Baadhi waliandika mambo ya kawaida, na baadhi waliandika yaliyowahi kuwaumiza pamoja na walivyojisikia. Hao wa pili walitoka wakiwa na huzuni zaidi kuliko wenzao, kama wewe ulivyolia. Lakini miezi iliyofuata walikwenda kituo cha afya cha chuo mara chache zaidi. Chukua daftari la kawaida, si simu. Andika bila kupanga, bila kusahihisha, na bila kumwonyesha mtu. Ukitaka iwe sala, iwe sala. Nimewahi kusikia sala za watu wenye imani kubwa ambazo zilikuwa malalamiko matupu.

Kuna jambo moja ambalo barua yako haikulisema, nami lazima niliulize. Je, kuna wakati unatamani usiwepo? Kama ndiyo, usingoje safu ya wiki ijayo wala kufua nguo nyingine. Leo hii mwambie mtu aliye karibu nawe na uende hospitali, au kwa mshauri nasaha wa chuo. Na hata kama hakuna wazo hilo, lakini zimepita wiki mbili huna furaha na chochote, huli, huamki, nenda vilevile. Huzuni ya namna hiyo ni ugonjwa, una matibabu, na huwezi kuujadili ukauondoa kwa kutafakari kuhusu imani.

Ile barua ya kuacha chuo usiifute. Usiitume pia. Ihamishe kutoka kwenye simu, iandike kwa mkono kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari lako, kisha nenda kafanye mitihani ya muhula huu. Siku unayotoka chumba cha mtihani wa mwisho, ukishalala vya kutosha, ifungue uisome mchana. Kama bado ni yako, niandikie tena, na safari hiyo unitajie jina la kozi.

Shangazi yako