Maziwa hayafiki kwenye mapafu: jibu kwa fundi visu wa Mafinga

SWALI: Kamwene daktari. Mimi ni fundi visu hapa Mafinga, huu mwaka wa sita. Natengeneza kwa oda visu vya jikoni, vya buchani na vya waongoza watalii wa Ruaha. Bapa nalifua kutoka springi za gari, mipini naweka mninga, mpingo au pembe ya ng'ombe, na siku hizi wateja wa Dar wanataka ile faibaglasi ya rangi. Siku nikisugua mpingo, jioni kope zinavimba, pua inaziba na usiku nakohoa. Jumapili nikishinda nyumbani napata nafuu. Najifunga kitambaa puani, na kila jioni nakunywa nusu lita ya maziwa. Kuna jamaa stendi anauza unga wa kusafisha mapafu, kopo shilingi 15,000. Ninunue, au niongeze maziwa?

JIBU: Kamwene fundi. Usinunue. Na maziwa uyanywe kwa kuwa ni chakula, ukijua kwamba kwa vumbi hayakusaidii lolote.

Swali hili la maziwa nimelijibu kwa wachana mbao wa Sao Hill, kwa maseremala wa Iringa mjini, kwa wachomeleaji wa Mwanjelwa na kwa vijana wa mashine za kusaga. Kila mmoja ameambiwa na aliyemtangulia kazini kwamba maziwa "yanakata vumbi". Kumbuka siku uliyopaliwa na chai. Matone mawili tu yaliingia njia ya hewa, ukakohoa hadi machozi yakatoka. Kooni kuna njia mbili, na kila unapomeza, kifuniko kidogo huziba ile ya hewa ili chakula kishuke tumboni. Maziwa yako ya jioni yako tumboni, vumbi la mpingo liko kwenye mapafu, na hayo mawili hayana mahali pa kukutana. Ile nusu lita ingefika kweli unakotaka ifike, ungeletwa kwetu ukiwa hoi. Nafuu unayoisikia ukimeza ni ya koo lililokauka, hata maji ya uvuguvugu yangekupa hiyo hiyo.

Unga wa kopo nao unapita njia ya ugali. Nimeletewa makopo ya namna hiyo na wagonjwa: hakuna jina la kiwanda, hakuna kilichoandikwa ndani yake kuna nini, kuna picha ya mapafu mekundu tu. Anayekuuzia hajawahi kukusikiliza kifua, na kesho atakuwa stendi nyingine.

Mapafu yana ufagio wake. Njia za hewa zimepakwa ute na kuoteshwa vinyweleo vidogo visivyoonekana kwa macho, vinavyopiga juu muda wote na kupandisha uchafu hadi kooni. Ndiyo maana ukikohoa jioni unatema makohozi meusi. Ila ufagio huo haufiki chini kabisa. Chembe zilizo chini ya maikroni 5 hivi huteremka hadi kwenye vifuko vya mwisho vya hewa (unywele wa kichwani una maikroni kama 70, upate kulinganisha). Kwa hiyo yale makapi yanayokudondokea miguuni yasikutishe sana. La kuogopa ni lile usiloliona. Usiku zima taa ya karakana, sugua mpini kidogo, kisha washa tochi na uielekeze upande wako kutoka ng'ambo ya meza ili utazame kuelekea kwenye mwanga. Utaona moshi mzito ukielea usawa wa pua yako, na hautatua kwa muda mrefu. Humo ndimo unamovutia pumzi siku nzima. Kitambaa chako kina matundu makubwa mara nyingi kuliko chembe hizo, na pembeni mwa mashavu kinavuja.

Sasa kope zako. Mpingo una kemikali ziitwazo dalbergioni, na hizo huamsha mzio wa ngozi na macho. Mninga nao unajulikana kwa kuleta pumu kwa wanaouchana na kuusugua. Umesema mwenyewe kwamba Jumapili unapata nafuu, na maneno hayo kwangu yana uzito kuliko vipimo vingi: yanaonyesha kwamba kinachokuumiza kiko kazini. Naomba usimsikilize atakayekuambia mwili utazoea. Mzio unakwenda kinyume na mazoea. Leo unahitaji kusugua mpini mzima ndipo uvimbe, mwakani itatosha kuingia chumba ambamo mwenzako amesugua jana yake. Nilimhudumia fundi mmoja aliyevumilia macho kuvimba kwa miaka, akipaka mafuta ya mgando na kurudi kazini. Alipokuja kwangu alikuwa amefikia hatua ya kubanwa kifua kwa kuketi tu karibu na nguo zake za kazi. Wewe uache mpingo sasa hivi, kabla haujakufukuza kwenye ufundi wenyewe.

Wengine hunijibu, "Daktari, huu ni mti wa asili, hata magome yake ni dawa." Vumbi la mbao, liwe la mti wa asili au wa kupanda, lilitangazwa mwaka 1995 na shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO kuwa linasababisha saratani kwa binadamu. Jambo hilo lilianza kugunduliwa miaka ya 1960 katika mji wa High Wycombe, Uingereza, kwa mafundi wa viti waliokuwa wakipata saratani adimu ya ndani ya pua, wengi wao wakiwa wamefanya kazi hiyo kwa miongo. Ni ugonjwa wa nadra, sikutishi. Lakini tundu moja la pua likiziba lisizibuke kwa wiki kadhaa, au likitoa damu upande huo huo kila mara, nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo. Usitie matone ya dukani ukasubiri.

Faibaglasi ni vioo vyembamba kama uzi vilivyogandishwa kwa gundi. Vumbi lake linawasha ngozi na kukwaruza koo, na gundi ya kuchanganya chupa mbili, kabla haijakauka, nayo huleta mzio wake, vaa glavu. Pembe na mfupa uchukue machinjioni, kwa mnyama aliyekaguliwa. Usiokote mzoga. Vijidudu vya kimeta hukaa kwenye mifupa na ngozi kwa miaka mingi, na vinaweza kuingia kwa pumzi. Kuna jambo hukuuliza ila nimeliona kwa wenzako: wanang'oa ubao mweusi mzito kwenye paneli za umeme za zamani na kuufanya mpini, kwa kuwa unang'aa vizuri. Baadhi ya mbao hizo zina asibesto ndani, yale madini ya nyuzinyuzi yasiyoshika moto. Usiikate, usiisugue, usiitoboe. Saratani ya asibesto huja miaka 20 hadi 40 baadaye, na ikija haitibiki.

Najua Mafinga ya Juni na Julai. Baridi inawafanya mfunge mlango na madirisha na kuwasha jiko la mkaa humo humo, kisha grainda inanguruma. Mnavuta vumbi na moshi wa mkaa kwa pamoja. Toka nje, au chini ya paa lisilo na kuta, upepo ukutokee mgongoni. Sehemu ya mwisho ya mpini isugue kwa mkono, kwa msasa wa maji, vumbi libaki tope mezani. Maji ni ya msasa wa mkono tu, usimwagie grainda ya umeme. Nunua barakoa iliyoandikwa FFP2 au N95, ibane kwenye mfupa wa pua, na unyoe ndevu, kwa sababu zinaifanya ivuje. Usijipulizie nguo kwa kompresa. Hapo unalirudisha hewani vumbi lililokwisha kutua. Nguo za kazi zibaki karakana, maana mtoto anayekurukia jioni analivuta pia.

Kinachoniudhi kuliko yote ni kwamba maziwa yamegeuka malipo ya vumbi. Nimeingia sehemu za kazi ambako mwajiri anagawa pakiti ya maziwa saa kumi, anasaini daftari, na anaamini amelinda wafanyakazi. Ukiuliza barakoa ziko wapi, ukiuliza mashine ya kufyonza vumbi, unaonyeshwa katoni za maziwa. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri amkinge mfanyakazi na hatari yenyewe. Vijana wanaosoma hapa mkiwa viwandani, kwenye kokoto au kwenye machimbo ya Chunya: mkipewa maziwa kunyweni, kisha dai barakoa. Vumbi la mawe ni baya kuliko la mbao, linakaza mapafu na kuufungulia mlango ugonjwa wa kifua kikuu.

Kwa hiyo fundi, ukikohoa zaidi ya wiki mbili nenda kituo cha afya wapime makohozi. Wakikuta hakuna kifua kikuu usirudi nyumbani na dawa ya kikohozi tu. Omba kipimo cha kupuliza kinachopima nguvu ya mapafu, na rufaa ya Mbeya ikibidi. Mwambie daktari kazi yako hata asipokuuliza, na wengi hawaulizi. Beba kipande cha mpingo na kile cha faibaglasi ndani ya mfuko uliofungwa, umwekee mezani.