Shangazi, moshi wa jirani unanimaliza

*Shangazi, tunaishi ghorofa ya tatu. Kijana wa chini huvuta sigara barazani na moshi huishia kwangu. Mwanangu wa miezi minane anakohoa. Nimegonga sakafu, nimemmwagia maji, nimemwanika kwenye kundi la WhatsApp la wapangaji. Mume wangu hataki kumkabili, tena wanacheka ngazini! Hata wiki ile kijana huyo aliposafiri, bafuni kwangu kulinuka sigara kila usiku. Nimeolewa na mwoga?*
*Nimechoka*

Pole kwa mtoto. Wewe subiri kwanza.

Mwanangu, hebu isome tena barua yako. Mtu yuko safarini, nyumba yake imefungwa, na bafuni kwako kunanuka sigara. Moshi ulitumwa kutoka safarini? Pafukapo moshi pana moto, ndiyo, ila wahenga hawakusema moto lazima uwe wa kijana wa chini. Wa barazani ni wake, sikatai. Wa usiku una mwenyewe mwingine, na wewe umekwisha kumhukumu huyu mbele ya jengo zima. (Nimewaza pia kama mumeo ndiye anayejificha bafuni. Lakini shati lingemsema, nawe usingeacha kuniandikia.)

Moshi wa ghorofani haupiti dirishani tu. Hupenya palipopita mabomba, chini ya mlango, hata kwenye matundu ya soketi. Mabafu ya majengo mengi hutoa hewa kwa njia moja, kwa hiyo mvutaji wa ghorofa nyingine anaweza kukufikia. Na kama una feni ya kutoa hewa, unaiwasha madirisha yakiwa yamefungwa? Basi unajivutia moshi mwenyewe, maana hewa inayotoka lazima ijaziwe kutoka mahali fulani. Fungua dirisha la upande usio na moshi. Kisha shika kipande cha karatasi laini karibu na mabomba feni ikiwa imewashwa. Kinapopepea, ziba kwa silikoni. Hayo hupunguza, hayamalizi. Marashi ya kupuliza achana nayo, yanafunika harufu tu. Moshi wa sigara una kemikali zaidi ya 7,000, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake kilicho salama. Kikohozi cha mtoto kipeleke kwa daktari wiki hii, si kundini.

Sasa mumeo. Katika barua nzima nimemwona mtu mzima mmoja, na ni yeye. Ninyi wa siku hizi mke akianzisha ugomvi anataka mume aumalizie kwa ngumi. Akikataa, ni mwoga, au hanipendi. Halafu ugomvi wenyewe unaanikwa kwenye simu, watu arobaini wanasoma, hakuna hata mmoja atakayekuja kukubebea mtoto usiku. Kule kucheka ngazini ndiko kulikobakiza njia ya kuzungumza na yule kijana. Ungekuwa peke yako, asingekufungulia mlango.

Futa ulichoandika, uombe radhi humo humo kundini. Kisha nendeni wawili mlangoni kwake. Mwombeni avutie upande mwingine, halafu yeye na mumeo wamwone msimamizi wa jengo kuhusu hiyo njia ya hewa. Huenda na kwake kunanuka. Pitieni na mkataba wa kupanga, baadhi hukataza sigara.

Mumeo atangulie kusema. Zamu yako ya kuomba radhi ikifika, usiifuatishe na "lakini".